Sindano ya Bega: Kazi Yake na Mpaka Wake

Katika wilaya zetu mbili, Nachingwea na Ruangwa, ni rahisi kumkuta mtu mzima anayelalamikia bega. Si ajabu, maana kazi zetu nyingi ni kazi za mabega. Twalima kwa jembe la mkono, twatwanga kinuni, twavuta ndoo kisimani, twakata ufuta na kuusimamisha ukauke, na wakati wa kupulizia mikorosho ukifika watu hubeba mashine mgongoni tangu alfajiri. Bega likiuma mwezi mmoja au miwili, majirani humpa mgonjwa shauri moja tu: "Nenda kachomwe sindano, utapona."

Je, ndani ya sindano hiyo mna dawa gani? Hufanya kazi gani mwilini, na ni kazi gani isiyoiweza? Nimeona yafaa kuandika habari hii kwa sababu tatu. Kwanza, sisi wanafunzi tumesoma darasani habari za mifupa na misuli, na elimu isiyovuka mlango wa darasa haina faida kubwa. Pili, wazazi wengi husoma gazeti letu kila muhula. Tatu, jambo hili limepita nyumbani kwetu Ruangwa, nami nililiona kwa macho yangu.

1. BEGA LILIVYOUMBWA

Hakuna kiungo cha mwili kinachogeuka kila upande kama bega. Kichwa cha mfupa wa mkono ni cha duara kama chungwa. Mahali kinapokaa, penye kombe la bega, pana kishimo kidogo tu, kama kisahani. Nyonga haiko hivyo: kichwa cha mfupa wa paja kimezama ndani ya kikombe kirefu, na kwa sababu hiyo nyonga ni imara lakini haigeuki sana. Bega limepata uhuru wa kugeuka, na gharama ya uhuru huo ni kwamba chungwa laweza kuteleza juu ya kisahani chake.

Kinacholizuia chungwa lisiteleze ni misuli minne inayotoka kwenye kombe la bega. Kila msuli huishia kwenye kano, na kano hizo nne hukishika kichwa cha mfupa kama vidole vinne vilivyoshika tunda. Kano ni ile kamba nyeupe, ngumu, inayounganisha msuli na mfupa. Aliyewahi kupasua paja la kuku ameiona.

Juu ya kano hizo pana mfupa ulio kama dari, ndio ncha ya bega unayoigusa kwa kidole. Kati ya dari hilo na kano pana kifuko chembamba chenye utelezi, ambacho kazi yake ni kuzuia kano isisuguane na mfupa. Weka mkono wako wa kushoto juu ya bega la kulia, kisha uinue mkono wa kulia polepole kwa upande. Utasikia nyama na mfupa vikipita chini ya vidole vyako. Nafasi iliyo chini ya dari ni ndogo sana, na kano ya msuli wa juu hupita humo kila mara uinuapo mkono.

Kwa hiyo daktari akimwambia mgonjwa ainue mkono kwa upande, mara nyingi mgonjwa huanza bila shida, kisha maumivu humshika mkono ukifika karibu nyuzi 60, na humwachia ukipita nyuzi 120 hivi. Nani alidhani kipimapembe cha hesabu kingetumika hospitali?

2. KWA NINI KANO HUUMA

Zamani madaktari walidhani kwamba kano inayouma ina uvimbe na joto, kama kidole kilichotungwa usaha. Siku hizi imejulikana kwamba uvimbe ni sehemu tu ya habari, na mara nyingi si sehemu kubwa. Jambo lililo kubwa ni kuchakaa. Kano imesokotwa kwa nyuzi nyembamba nyingi zilizolala pamoja. Fikirini kamba ya katani ya kisimani. Kila ndoo ivutwapo, kamba hukwaruzwa kidogo penye ukingo. Siku ya kwanza huoni kitu. Baada ya miezi, utaona nyuzi zimesimama kama manyoya. Kano nayo huchakaa hivyo, lakini ina fadhila ambayo kamba haina: ni kitu hai, nayo yaweza kujitengeneza ikipewa muda na kazi ya kadiri. Bahati mbaya hupata damu kidogo kuliko msuli, hivyo hujitengeneza polepole, kwa miezi wala si kwa siku.

Maumivu haya huwapata zaidi watu waliopita umri wa miaka 40, na wanaofanya kazi ya kuinua mikono juu ya kichwa au kurudia tendo moja mchana kutwa. Dalili zake ni hizi: bega huuma kwa nje, karibu na juu ya mkono, huuma usiku mtu akililalia, na kazi ndogo huwa ngumu, kama kuchana nywele, kuanika nguo kambani au kufunga kanga kwa nyuma.

3. DAWA ILIVYOPATIKANA

Dawa itumiwayo katika sindano ya bega ni ya jamii iitwayo steroidi. Msiichanganye na zile steroidi ambazo baadhi ya wanyanyua vyuma huzitumia ili wanenepe misuli. Hizo ni za jamii nyingine. Hizi zetu zimeigwa kutoka katika homoni ambayo mwili wenyewe huitengeneza ndani ya tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo. Mojawapo ya kazi za homoni hiyo ni kutuliza uvimbe.

Daktari Philip Hench wa kliniki ya Mayo, Marekani, aliona tangu mwaka 1929 kwamba wagonjwa wa baridi yabisi walipata nafuu walipougua ugonjwa wa manjano wa ini, na wanawake walipata nafuu walipokuwa na mimba. Akafikiri kwamba mwilini mna kitu chenye kutuliza ugonjwa. Mwenzake, mwanakemia Edward Kendall, alikuwa akitenganisha homoni za tezi hizo za juu ya figo. Tarehe 21 Septemba 1948 mwanamke mwenye umri wa miaka 29, ambaye viungo vilikuwa vimemkaza hata kutembea kukawa taabu, alidungwa homoni mojawapo, ambayo baadaye iliitwa kotisoni. Baada ya siku chache aliinuka, akatembea, akaenda madukani. Mwaka 1950 Hench na Kendall, pamoja na Tadeus Reichstein wa Uswisi, walipewa Tuzo ya Nobel.

Furaha ilikuwa kubwa, lakini mambo mawili yakadhihirika. La kwanza, wagonjwa walipoachishwa dawa maumivu yalirudi, na waliopewa nyingi kwa muda mrefu walipata madhara: uso kuvimba, mifupa kudhoofika, sukari kupanda. La pili, dawa ilikuwa ghali mno, kwa kuwa ilitengenezwa kutokana na nyongo ya ng'ombe, kwa hatua za kikemia zaidi ya 30.

Hapa ndipo Afrika Mashariki inapoingia katika habari hii. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Toka hiyo yakaja mashamba makubwa ya Tanga, na katika mkoa wetu wa Lindi mashamba kama lile la Kikwetu. Jani la mkonge likisagwa, katani inayopatikana ni sehemu ndogo sana, kama 4 katika 100. Sehemu nyingine zote, maji na makapi, zilikuwa zikitupwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wanakemia wa Uingereza waligundua kwamba ndani ya taka hiyo ya mkonge wa Afrika Mashariki mna kitu kiitwacho hekojenini, chenye umbo la kikemia linalofanana na steroidi. Kampuni ya Glaxo ikaitumia hekojenini kutengeneza kotisoni na ndugu zake. Siku hizi viwanda hutumia zaidi malighafi nyingine, kama soya, lakini yafaa wanafunzi wajue kwamba maji yaliyomwagwa mtaroni penye mashamba ya mkonge yaliwahi kuwa dawa ya ulimwengu.

Mwaka 1951 Daktari Joseph Hollander wa Philadelphia alionyesha njia iliyopunguza madhara. Badala ya kuijaza dawa mwili mzima, aliidunga aina yake, haidrokotisoni, moja kwa moja ndani ya kiungo kinachouma. Sindano ya bega ya leo ni mtoto wa fikira ile. Dawa zinazotumika sana sasa ni methiliprednisoloni na triamsinoloni, ambazo hukaa mahali zilipowekwa kwa muda mrefu zaidi.

4. SINDANO INAVYOCHOMWA

Mgonjwa hukaa kitini, mkono umening'inia ili dari la bega liachane kidogo na kano. Daktari hupapasa mifupa, huweka alama, husafisha ngozi kwa dawa ya kuua vijidudu, kisha huingiza sindano mpya iliyo safi kwa nyuma au kwa upande, chini ya ncha ya bega. Dawa yatakiwa iingie katika kile kifuko cha utelezi. Haitakiwi iingie ndani ya kano yenyewe, maana huko yaweza kuidhoofisha. Katika baadhi ya hospitali daktari hutazama kwa altrasaundi aone ncha ya sindano ilipo.

Mara nyingi steroidi huchanganywa na dawa ya ganzi. Ndiyo sababu mgonjwa huinuka kitini akicheka, akidhani amepona. Ganzi hiyo hukaa saa chache tu. Usiku ule au kesho yake maumivu huweza kurudi, pengine makali kuliko mwanzo, kwa siku moja au mbili. Asiogope. Steroidi yenyewe huanza kufanya kazi baada ya siku chache, na nafuu yake huendelea kwa wiki kadhaa, kwa wengine miezi michache.

Nafuu hiyo ni ya kweli. Mtu aliyekosa usingizi kwa miezi miwili akilala usiku kucha, amepata kitu kikubwa. Lakini dawa imetuliza uvimbe na maumivu tu. Nyuzi za kano zilizochakaa haikuzisokota upya. Huu ndio mpaka wa sindano, na ndilo neno ninalotaka msomaji alishike hata akisahau mengine yote.

5. NILIYOYAONA NYUMBANI

Mwaka jana, nilipokuwa kidato cha tatu, mama yangu alianza kuumwa bega la kulia wakati wa palizi, mwezi wa Machi. Nilipofika nyumbani likizo ya Juni nilimkuta akichota maji kwa mkono wa kushoto, na usiku nilimsikia akijigeuza kitandani. Kwetu neno la mjomba ni zito. Mjomba akasema, "Dada, mwaka huu mikorosho ni mingi na mtoto yuko shuleni. Usilale na maradhi. Nenda hospitali uchomwe."

Nilimsindikiza. Daktari alimpima kwa kumwinulisha mkono, akamuuliza kama ana kisukari, homa, au kama aliwahi kuanguka. Kisha akamweleza kwamba ziko njia mbili: kuanza na mazoezi na vidonge vya kutuliza maumivu, au kuchomwa sindano moja pamoja na mazoezi. Mama akachagua sindano, kwa sababu alikuwa hapati usingizi. Alipewa karatasi yenye picha za mazoezi, akaambiwa apumzishe mkono siku chache na asibebe mizigo mizito kwa wiki mbili.

Wiki ya pili bega lilikuwa kimya. Mama akarudi kinuni, akarudi kisimani, na mikorosho ilipohitaji dawa akavaa mashine mgongoni. Ile karatasi ya mazoezi ilikaa juu ya kabati. Sikumlaumu wala simlaumu sasa. Mtu asiyeumwa huona haya kukaa barazani akitikisa mkono na huku kazi zinamngoja, na fedha ya mikorosho ndiyo nauli yangu, madaftari yangu na michango yangu ya shule.

Mwezi wa Septemba maumivu yalirudi. Safari hii nilimsindikiza tena. Mama akasema, "Daktari, nichome ile ile ya kwanza, ilinifaa sana."

Daktari akamjibu kwa upole, "Mama, sindano ile ilikununulia muda. Muda ule ulikuwa wa kulitengeneza bega. Nikikuchoma leo nitakununulia muda mwingine, nawe utautwangia tena. Tuanze na mazoezi wiki 12. Kama hukupata nafuu, tutazungumza habari ya sindano."

Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na kinu atatwanga nani?"

Hilo, ndugu wasomaji, ndilo swali gumu kuliko yote katika makala hii, na jibu lake halimo katika chupa yoyote ya dawa. Kwetu jibu lilikuwa hivi: mjomba alikubali mahindi yapelekwe mashineni hata kama gharama itaongezeka, ndugu zangu wadogo wakachukua zamu ya maji kwa madumu madogo, na kijana wa jirani akapulizia mikorosho kwa malipo wakati wa mavuno. Mama alifanya mazoezi kila jioni. Mwezi wa Januari, nilipokuwa nafunga sanduku kurudi bwenini, alikuwa anachana nywele kwa mkono wa kulia.

6. UTAFITI WASEMAJE

Mtu mmoja si ushahidi wa kutosha, kama walimu wetu wa sayansi wanavyotuambia. Basi tutazame utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2021, uitwao GRASP. Wagonjwa 708 wenye maumivu ya kano za bega waligawanywa kwa kura katika mafungu manne. Wengine walipewa kikao kimoja cha mashauri mazuri na mazoezi ya kufanya nyumbani. Wengine walisimamiwa na mtaalamu wa mazoezi katika vikao kadhaa. Na katika kila namna, nusu yao walichomwa sindano kwanza na nusu hawakuchomwa.

Matokeo yalikuwaje? Baada ya wiki 8 waliochomwa sindano walikuwa na nafuu zaidi kidogo. Lakini mwaka mzima ulipohesabiwa, hapakuwa na tofauti ya maana kati ya waliochomwa na wasiochomwa. Tena, waliopewa kikao kimoja tu cha mashauri mazuri hawakuachwa nyuma na wale wa vikao vingi. Jambo hili ni habari njema kwetu tulio mbali na wataalamu. Mgonjwa wa kijiji cha Ruangwa aliyefundishwa vizuri mara moja, akafuata, hakukosa kitu kikubwa.

7. MADHARA NA WASIOFAA KUCHOMWA

Sindano hii ikichomwa na mtaalamu, kwa vifaa safi, ni salama kwa watu wengi. Hata hivyo yafaa kujua haya:

(a) Mwenye kisukari, sukari yake yaweza kupanda kwa siku kadhaa. Amwambie daktari kabla, na aipime sukari baadaye.

(b) Ngozi penye sindano yaweza kubonyea au kuwa nyeupe. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi alama hiyo huonekana wazi, na yaweza kudumu miezi mingi.

(c) Vijidudu vyaweza kuingia katika kiungo. Ni nadra, lakini ni hatari. Bega likiwa jekundu, la moto, lenye kuuma zaidi kila siku, na homa juu yake, rudi hospitali siku ile ile.

(d) Sindano nyingi zikirudiwa mahali pamoja zaweza kuidhoofisha kano. Kwa hiyo madaktari huziweka mbali mbali, na wengi hawapendi kupita chache kwa mwaka.

(e) Asichomwe mtu mwenye jipu au maambukizo penye bega, wala mwenye homa isiyojulikana. Mwenye kifua kikuu, mwenye damu isiyoganda upesi na anayetumia dawa za kila siku za aina yoyote, asifiche. Ziko dawa ambazo zikikutana na steroidi huleta madhara makubwa.

Tena si kila bega linalouma lina ugonjwa wa kano. Lipo bega lililoganda, ambalo halitaki kugeuka hata likigeuzwa na mtu mwingine. Hili huwapata sana wenye kisukari, na sindano mapema huweza kulisaidia. Yapo maumivu yatokayo shingoni. Aliyeanguka na ghafla akashindwa kuinua mkono, pengine kano imekatika au mfupa umevunjika. Na mtu akiumwa bega la kushoto pamoja na kifua kubana, jasho na pumzi kumpaa, huyo ni mgonjwa wa moyo mpaka daktari aseme sivyo. Apelekwe hospitali bila kukawia.

8. IMANI YETU KATIKA SINDANO

Watu wetu huiheshimu sindano kuliko kidonge, na sababu zipo. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliwatibu watu wengi ugonjwa wa buba kwa sindano, na vidonda vilivyokuwa vimekaa muda mrefu vikakauka upesi. Baadaye ikaja penisilini, nayo ikafanya vivyo hivyo. Watoto wakawasikia wazazi wao wakisifu, nao wakawaambia watoto wao. Sifa ile ilikuwa ya haki, kwa kuwa dawa zile ziliua vijidudu vilivyoleta ugonjwa. Lakini kano iliyochakaa haina kijidudu cha kuua.

Wako watu wanaoitumia imani hii vibaya. Jirani yetu mmoja, mpasua mbao, alichomwa bega mara nne katika miezi michache na mtu apitaye na mkoba siku za gulio. Hakupimwa, hakuulizwa kitu, na hakujua jina la dawa. Siku moja alipoinua gogo alisikia kitu kimealika begani, na tangu siku hiyo mkono haupandi. Hospitali walisema kano imekatika. Daktari hakusema kwamba sindano peke yake ndiyo iliyoikata, maana kano iliyochakaa yaweza kukatika yenyewe. Lakini sindano zile zilimnyamazishia maumivu huku akiendelea kuinua magogo, na maumivu ndiyo yaliyokuwa mlinzi wake pekee.

Dawa hizi ni za kuandikiwa na daktari. Zahanati au kituo cha afya kisipoweza, mgonjwa huelekezwa hospitali ya wilaya, na kesi ngumu huenda Ndanda, au Hospitali ya Sokoine pale Lindi, au hata Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam.

9. MAZOEZI NA KAZI

Mazoezi haya ni ya kawaida. Mgonjwa aonyeshwe kwanza na mtaalamu.

La kwanza: inama, shika meza kwa mkono mzima, uache mkono unaouma uning'inie, uutikise taratibu kama pendulo ya saa, mbele na nyuma, kisha kwa duara.

La pili: simama ukitazama ukuta, utambaze vidole kwenda juu kama buibui mpaka maumivu yaanze, kisha ushuke. Weka alama ya mkaa ukutani, uone kila wiki umepanda kiasi gani.

La tatu: kata ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, uufunge kwenye mwimo wa mlango. Kiwiko kikiwa kimeshikamana na ubavu na kukunjwa nyuzi 90, vuta mpira kwa kuuzungusha mkono kwenda nje, kisha urudishe polepole. Rudia mara 10, upumzike, ufanye tena mara 10.

Maumivu madogo wakati wa mazoezi si hatari. Yakikaa mpaka kesho yake, punguza. Kano hupenda kazi ya kadiri iongezwayo kidogo kidogo; huchukia uvivu mtupu, na huchukia kazi ya ghafla.

Nasi watoto tuna sehemu yetu. Likizo ikifika, kijana wa miaka 17 aweza kutwanga, wavulana na wasichana sawasawa. Aweza pia kuvuta ndoo. Wiki chache za mikono yetu huweza kumpa mzazi ule muda ambao kano yake inauhitaji. Wazazi nao wasione haya kupumzisha bega lisilouma tena baada ya sindano, kwa sababu wakati huo ndio bega linapokuwa katika matengenezo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini bega hugeuka kuliko nyonga, na hasara ya jambo hilo ni nini?
2. Eleza tofauti ya kazi ya ganzi na kazi ya steroidi katika sindano ya bega.
3. Kwa nini dawa haitakiwi iingie ndani ya kano yenyewe?
4. Hekojenini ilitoka katika sehemu gani ya jani la mkonge?
5. Katika utafiti wa mwaka 2021, waliochomwa sindano walikuwaje baada ya wiki 8, na walikuwaje mwaka mzima ulipohesabiwa?
6. Taja kazi tatu za nyumbani kwenu ambazo wewe waweza kumpokea mzazi wako anayeumwa bega. Swali hili lijibiwe kwa mikono, wakati wa likizo.